Unga wa chai hautaki haraka
Majani makavu ya chai ya kijani yanasagika nyumbani kwa blenda ndogo ya viungo, na unga wake unafaa sana kwa keki na maziwa. Ila hautafikia matcha, unga wa chai ya kijani wa Kijapani. Kule Uji, Japani, michai hufunikwa wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa. Majani hupigwa mvuke yabaki kijani, hukaushwa, huondolewa vikonyo na mishipa, kisha kinu cha mawe husaga gramu 40 hivi tu kwa saa. Blenda hupata moto haraka, na joto huondoa harufu, ndiyo harufu hasa tunayoitafuta! Basi saga kidogo kidogo, pumzisha mashine, chekecha, funika vizuri, weka gizani. Na chagua majani safi, maana hapa unakunywa jani zima.