Mtoto aliyetangulia naye aandikwe shuleni, hata kama nyumbani anafundishwa vizuri

Katika mitaa ya Goma, na kwenye vijiji vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo ambako familia zimerudi kutoka kambini, kuna mtoto ambaye majirani wote wanamjua. Ana miaka sita au saba. Anasoma maandishi yaliyo kwenye mfuko wa unga wa msaada. Anajumlisha bei ya makala na sambaza kabla mama yake hajamaliza kuhesabu noti. Lakini hajamaliza hata mwaka mmoja wa shule. Alifundishwa na dada yake mkubwa, ao na babu aliyekuwa mwalimu, kwa kipande cha makala juu ya ubao wa ukuta.

Sasa shule iliyo karibu inapokea watoto, na wazazi wake wanajiuliza: wampeleke darasa la kwanza akaimbe a, e, i, o, u pamoja na wenzake wengi, ao wambakize nyumbani aendelee kusonga mbele? Wengi wanaegemea kumbakiza. Sababu zao zina uzito, lakini uamuzi huo unaweza kumgharimu mtoto miaka baadaye.

Kufundisha nyumbani huku hakukuanza kama jambo la kuchagua. Mwezi wa tatu mwaka 2020, mashule yote ya Kongo yalifungwa kwa sababu ya korona, na familia nyingi zikajaribu kufuata masomo kwa njia ya redio. Kisha vita ikaendelea kuhamisha watu. Madarasa mengine yakageuka malazi ya wakimbizi wa ndani. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 mapigano yakaingia Goma, na mwezi uliofuata kambi zilizozunguka mji zikabaki tupu. Katika safari hizo zote, aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Bila kazi hiyo isiyo na mshahara, watoto wengi wangefika leo bila kujua hata kuandika jina lao.

Tena wazazi hawasemi uongo kuhusu hali ya mashule. Tangu mwezi wa tisa mwaka 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa malipo waliingia darasani kwa wingi. Hilo ni jambo jema, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumwangalia mtoto mmoja anayemaliza hesabu kabla ya wote. Mtoto huyo atasinzia, ao atasumbua wenzake, ao atajifunza kunyamaza ili asichekwe.

Katiba nayo inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwalea na kuwaelimisha watoto wao. Iko katika kifungu cha 43. Ila kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika mashule ya serikali. Mzazi asisome nusu moja akaacha nyingine.

Kuna hatari tatu kwa mtoto anayebaki nyumbani moja kwa moja. Ya kwanza ni karatasi. Siku moja atafika umri wa mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ule ambao wengi wanauita bado TENAFEP. Hapo hakuna atakayeuliza kama alisoma mfuko wa unga akiwa na miaka sita. Ataulizwa ni shule gani inayomwandikisha, na buletini zake ziko wapi. Familia zilizopoteza nyaraka njiani zinajua namna mlango unavyofungwa kwa kukosa karatasi moja.

Ya pili ni kwamba shule ya nyumbani inasimama juu ya mtu mmoja. Dada akiolewa ao akienda kutafuta kazi, babu akiugua, familia ikihama tena, masomo yanakatika siku hiyo hiyo.

Ya tatu haisemwi sana. Mtoto mwepesi anamaliza somo mapema, na mtoto aliyemaliza anatumwa maji, kuni, kulea mdogo wake, kuuza mandazi. Kidogo kidogo kazi inakula masomo. Kwa msichana hali hiyo inakuja haraka zaidi. Akili yake inasifiwa mbele ya wageni, lakini bido la maji ni lake.

Wazazi wengine wanafanya kosa lililo kinyume. Wanamsihi mkurugenzi wa shule amweke mtoto wa miaka sita darasa la tatu ao la nne, kwa sababu anasoma Kifaransa kwa sauti bila kukwama. Kusoma kwa sauti hakuonyeshi kila mara kwamba mtoto ameelewa. Aambiwe afunge kitabu, aeleze alichosoma kwa Kiswahili, ao kwa Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Mashi, lugha yoyote ya nyumbani kwao. Akishindwa, bado hajasoma. Programu ya taifa yenyewe inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumiwe kufundishia madarasa ya mwanzo. Kumrukisha Kiswahili ili aonekane mkubwa ni kumjengea nyumba bila msingi. Tena mkono wa miaka sita bado unachoka upesi kuandika, na mtoto wa miaka sita akiwekwa kati ya wenye miaka kumi atapata shida wakati wa michezo kuliko wakati wa hesabu.

Njia inayofaa ni kuandikisha mtoto shuleni na kuendelea kumfundisha nyumbani. Shule impe jina katika rejista, buletini, marafiki wa rika lake na mazoea ya kukaa na wengine. Nyumba impe kile ambacho darasa lililojaa haliwezi kumpa. Na nyumbani hakuna haja ya kukimbilia kitabu cha darasa linalofuata. Anayejua kujumlisha apewe maharagi agawanye kwa watu saba, aeleze yaliyobaki. Anayejua kusoma aandike barua kwa shangazi aliyebaki kijijini, ao aandike hadithi ya bibi jinsi alivyoisikia. Ahesabu siku za mvua kwa mwezi mzima na kuchora alichoona. Saa moja kila siku, kwa wakati unaojulikana, inatosha kwa mtoto wa umri huo, mradi saa hiyo isiibiwe na kazi.

Kwa upande wa mashule, serikali ina vituo vya kurudisha masomo kwa watoto waliochelewa, ambako miaka sita ya msingi inafupishwa kuwa mitatu. Waliotangulia, kwa kawaida, wanategemea busara ya mkurugenzi. Basi busara hiyo itumike. Mtoto anayekuja kutoka kambini ao kijijini apimwe kwanza kwa kusoma, kuandika, kuhesabu na kueleza, kabla ya kupangiwa darasa kwa urefu wake. Akionekana yuko mbele kweli, apandishwe darasa moja kwa majaribio ya muhula mmoja, na mzazi aelezwe kwamba kurudi si aibu. Mwalimu anaweza kumwomba amsaidie mwenzake aliyekwama, lakini asimgeuze mwalimu msaidizi wa kila siku, kwani naye alikuja kujifunza.

Na kuna jambo ambalo kila familia inaweza kulifanya leo bila kungoja mtu. Anayemfundisha mtoto nyumbani aweke kaye moja, aandike tarehe na somo la siku hiyo, na mtoto aandike humo kazi yake. Kaye hiyo haichukui nafasi ya buletini, lakini inamwonyesha mkurugenzi mtoto alikofika. Iwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, mahali ambapo mkono unafika haraka. Familia za hapa zimejifunza kwa uchungu kwamba siku ya kukimbia hakuna muda wa kutafuta. Vitabu vitabaki, ubao wa ukuta utabaki. Mfuko huo uende pamoja na mtoto, na mahali watakapofika, safari ya kwanza baada ya kupata maji na pa kulala iwe ya kwenda shuleni kumwandikisha.