Chaja Kubwa Haina Hatia

Ipo itikadi iliyoota mizizi Morogoro Mjini, kuanzia vibanda vya mafundi simu vya Msamvu hadi meza za wachuuzi wanaolizunguka soko la Chifu Kingalu, nayo husemwa kwa yakini ya kadhi asomaye hukumu: kwamba chaja yenye nguvu nyingi huunguza kitu kidogo, na kwa hiyo mwenye vipokea sauti visivyo na waya, au saa ya mkononi, au spika ndogo ya blutuuthi, sharti avitafutie chaja ndogo iliyo sawa navyo. Na ndogo, kwa hesabu ya mezani, ni ile nyepesi isiyo na jina, ya bei ya chini kupita zote. Sioni sababu ya kuistahi itikadi hiyo. Ni batili, na laiti ingekuwa batili tu ningeiacha ipite pamoja na nyingine nyingi. Lakini hii humtoa mtu penye usalama ikampeleka penye hatari, naye akaenda akishukuru kwa nasaha njema aliyopewa.

Watu wa Morogoro hasa hawana udhuru wa kuiamini, maana umeme wenyewe unapita juu ya vichwa vyao. Njia itokayo Kidatu kwenda Ubungo hupitia hapa kwa kilovolti 220; kituo cha Kidatu kimejengwa kuzalisha megawati 204, na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji megawati 2,115, na nguvu zote hizo huingia katika gridi moja ambayo taa ya wati 5, chumbani kwa mtu wa Kihonda, imeungwa nayo usiku kucha. Ingalikuwa wingi wa nguvu iliyo nyuma ya soketi ndio unaounguza, taa ile isingalimaliza hata nukta moja. Haiungui kwa sababu huchota kadiri ya haja yake tu, na kinachopaswa kulingana baina yake na soketi ni volti. Volti husukumwa na chanzo. Ampea huvutwa na mtumiaji. Asiyetenganisha mambo haya mawili hana msingi wa kutoa fatwa juu ya chaja ya mtu mwingine.

Chaja iliyoandikwa volti 5 na ampea 3, basi, haimlazimishi yeyote kumeza ampea 3. Inaahidi tu kwamba atakayezihitaji atazipata. Kikasha cha vipokea sauti, ambacho betri yake aghalabu ni ya mAh mia kadhaa, kitachukua sehemu ndogo ya ahadi hiyo, na iliyobaki haiendi popote. Tena anayesimamia ujazaji wa betri si chaja, bali ni saketi iliyomo ndani ya kikasha chenyewe, ndiyo ipunguzayo mkondo na kuukata betri ya lithiamu ifikapo volti 4.2 hivi.

Watasema: na hizi za fasti chaji, zenye volti 9 na 20? Hilo ni swali zuri kuliko itikadi yenyewe, na jawabu lake ni kwamba chaja ya namna hiyo, ikiwa imetengenezwa kwa mujibu wa kanuni, haipandi juu ya volti 5 mpaka kifaa kiombe kwa mawasiliano yaliyokubaliwa baina yao. Kikasha kisichojua kuomba hakipewi.

Nashuku kwamba uvumi huu ulipata nguvu kutokana na kasoro moja ndogo ya viwandani. Vipokea sauti vingi vya bei nafuu vina tundu la Taipu C lakini havikutiwa rezista mbili za omu 5,100 zinazotakiwa kuijulisha chaja kwamba pana kifaa kinachongoja. Na kwa waya wenye Taipu C pande zote mbili, chaja halali haitoi umeme hata chembe mpaka iutambue ujumbe huo. Mtu akichomeka akaona taa haiwaki, hutangaza mtaani kwamba chaja kubwa imeviua vipokea sauti vyake, ilhali havijaguswa. Dawa yake ni waya wenye kichwa kile cha zamani, kipana, upande wa chaja, na mashtaka yote yanaanguka.

Nakiri kwamba vipo vifaa vinavyotaka hadhari ya kweli, yaani mashine za kunyolea, baadhi ya tochi na redio zenye tundu la duara, maana matundu hayo yanafanana ilhali moja linataka volti 5, jingine 9, jingine 12. Lakini hata hapo kinachoua ni volti isiyo yake, wala si ukubwa wa chaja.

Sasa tuitazame ile ndogo inayosifiwa. Ndani ya chaja halali, upande wa volti 230 na upande wa volti 5 hutenganishwa na transfoma, pamoja na nafasi iliyopimwa ili umeme wa ukutani usipate njia ya kuvuka. Katika ile ghushi, nafasi hubanwa, kihami hupunguzwa, fyuzi huachwa, kwa kuwa kila kilichoachwa ni faida. Mwaka 2016 shirika la UL la Marekani lilizipima chaja bandia 400 zilizojifanya kuwa za iPhone, zikaanguka 397, na 12 miongoni mwake ziliundwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtumiaji kwa umeme. Hizo zote zilikuwa ndogo. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia nchini kwa kuzifuata kwa namba zake za utambulisho, yaani IMEI, na nchi nzima ikalizungumza jambo hilo. Walakini chaja haina IMEI, wala hakuna mamlaka iwezayo kuizima kwa mbali, ndiyo maana chaja ya kughushi hukaa soketini bila kusumbuliwa.

Mwenye kununua na atazame maandishi kwanza: volti 230 ndani ya kipimo kinachoingia, volti 5 ndani ya kinachotoka, jina la mtengenezaji, herufi zisomekazo bila makosa. Kisha atazame pini. Plagi yetu ya pini tatu ina asili ya Uingereza, na huko hushauriwa kwamba pini ziwe mbali na ukingo wa chaja kwa milimita 9.5 walau, ili kidole kisiguse chuma wakati wa kuchomeka. Zile za pini mbili za duara, ambazo watu huzilazimisha kuingia kwa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu, hulegea, hutoa cheche na kupata moto. Na desturi hiyo ya kijiti nimeiona hata kwa watu waliosoma sana.

Atakayesema kwamba mnyonge hana fedha za chaja halisi anasahau kwamba aghalabu anayo tayari. Ile iliyokuja na simu yake inatosha kwa vipokea sauti, kwa saa na kwa spika. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Desemba 2024, umeamuru simu na vipokea sauti vinavyouzwa kwake viwe na tundu moja la aina ya USB-C kusudi chaja moja ivihudumie vyote. Muuzaji akikuambia kwamba hiyo yako itaviunguza vipokea sauti, mwombe akusomee volti zilizoandikwa juu ya ile anayotaka kukuuzia badala yake, kwani nyingi za mezani kwake hazina hata maandishi ya kusomwa.