Chombo Bila Intaneti Ni Kibao Tu

Ndugu wafanya kazi,

Mwaka 2013 tuliahidiwa kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za Serikali atapewa laptopu. Hazikuja. Kuanzia mwaka 2016 vikaletwa vishikwambi, zaidi ya 1,000,000. Hatukatai, vililetwa. Lakini nani alivilipia? Ni sisi, kwa kodi inayokatwa mshaharani kabla hatujaushika mkononi.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Mtoto wa tajiri alisoma nyumbani kwa intaneti. Wetu alikaa bure, na vishikwambi tulivyovinunua vilibaki shuleni.

Jembe halilimi peke yake. Kishikwambi bila intaneti, bila fundi, bila mwalimu aliyefunzwa, ni kibao tu.

Basi twadai: fedha za intaneti ya shule ziwekwe katika bajeti kila mwaka, mafundi waajiriwe, na hesabu ya vyombo ibandikwe mlangoni pa kila shule.

Mzazi, katika mkutano wa shule simama uulize: Vyombo vyetu viko wapi? Vingapi vinafanya kazi?

Umoja ni nguvu.