Joto la Simu na Siri ya Kifuniko cha Sufuria



Wasomaji wetu watukufu, juma lililopita alitujia mama mmoja, jirani yetu, na simu aliyoifunga ndani ya leso. Simu ilikuwa imezimika. Mama huyu huuza mabuibui na madera kwa njia ya simu, na humo ndimo zilimokuwa oda za wateja wake pamoja na sauti za marehemu babake alizokuwa amezihifadhi. Adhuhuri moja ya jua kali simu ilipata moto hata haishikiki, na mwanawe wa miaka 11, kwa nia njema, akaitia ndani ya friji. Ilipotolewa ikaanza kutoa jasho, na tangu hapo haijawaka. Mama alikuja na swali lililomkera kuliko hasara yenyewe: je, alikosea kumgombeza mtoto?

Ili tumjibu kwa uadilifu ilitupasa kwanza tufahamu joto hilo latoka wapi. Ndani ya simu mna chipu, kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole, chenye swichi ndogondogo kwa mabilioni. Kila swichi ikifanya kazi hutoa joto kidogo. Lakini kazi haigawanyiki sawasawa. Pahala padogo kuliko punje ya mchele huweza kuwaka moto kuliko majirani zake wote, na punde moto ukahamia kwengine. Wahandisi hupachelea pahala hapo kuliko joto la chipu nzima, kwani ndipo huanza kuharibika. Shaba hulisambaza joto na feni hulipeperusha, ila zote mbili haziwezi kukiandama kituo kidogo cha moto kinachohamahama.

Hapa tunaomba akina mama watufuate jikoni. Nani kati yetu hajaunguzwa na mvuke akifunua sufuria ya wali? Mvuke huunguza vibaya kuliko maji ya moto, na sababu yake ndiyo kiini cha maneno yetu. Kuyapasha maji kutoka ubaridi wa barafu hadi yachemke kwataka joto kiasi fulani. Kuyageuza yote yawe mvuke kwataka zaidi ya mara 5 ya joto hilo. Mvuke hulibeba joto lote hilo, na ukigusa kitu baridi, kama kifuniko au mkono wako, hulitua hapo na kurudi kuwa maji. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kanuni iyo hiyo: maji kidogo hupenya kwenye udongo, huondoka kuwa mvuke, na joto likaenda nayo.

Basi wahandisi wametengeneza sufuria nyembamba mno, bapa, iliyozibwa pande zote, wakaitoa hewa na kuacha maji machache ndani. Kwa kuwa hewa imetolewa, maji hugeuka mvuke bila kungoja nyuzi 100. Upande mmoja hukaa juu ya chipu, upande wa pili ndio kifuniko. Simu kadhaa za siku hizi tayari zina chombo cha namna hii. Ila kina udhaifu: maji yaliyopoa hurudi kwa kutambaa pembeni kama mafuta katika utambi, na kituo cha moto huweza kukauka kabla hayajafika.

Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Chuan-Hua Chen na wenzake walilitafutia udhaifu huo dawa. Kifuniko chao walikifanya kiyakatae maji kabisa, kama jani la jimbi ambalo matone hubiringika juu yake bila kulilowesha. Juu ya uso wa namna hiyo, matone mawili membamba kuliko unene wa karatasi yakikutana na kuwa tone moja, ngozi ya tone jipya huwa ndogo kuliko ngozi za yale mawili zikijumlishwa. Nguvu iliyobaki hulirusha tone. Huruka lenyewe, likaenda moja kwa moja upande wa pili penye moto, simu ikiwa imelazwa, imesimamishwa au imepinduliwa. Na kwa kuwa matone huruka kutoka kila sehemu ya kifuniko, moto ukihama huyakuta yapo. Mwaka 2013 walionyesha kuwa mbawa za nyenje, mdudu yule anayelia mitini, hujisafisha kwa matone yarukayo vivyo hivyo. Mwaka 2017 wakachapisha habari za kuvipoza vituo vya moto. Subhanallah, mdudu tunayemlalamikia kwa kelele!

Tukarudi kwa mama. Tulimwambia kuwa mwanawe hakuwa mjinga: alijua kitu cha moto chataka baridi. Asilolijua ni kwamba maji hupoza simu yakiwa yamefungiwa chumbani mwao tu. Hewa yetu ya Pwani imejaa unyevu, na simu iliyotoka kwenye friji ni kama kifuniko baridi juu ya mvuke. Maji huganda juu yake na hata ndani, kwenye nyaya zisizotakiwa kulowa. Simu ikipata moto, ichomoeni kwenye chaji, ivueni kava, iwekeni kivulini penye upepo, mwiache. Na msiichaji chini ya mto wa kulalia, kwani joto lisilo na pa kutokea huifupishia betri maisha, na huweza kuleta hatari kubwa zaidi.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema jioni hiyo atamwita mwanawe azungumze naye, na atamnunulia daftari la sayansi. Simu iko kwa fundi. Kuhusu sauti za marehemu, fundi ameahidi kutoa jibu Jumatatu, inshaallah.