Mawe Yametunzwa, Ulimi Umezikwa

Kuna sifa moja iliyokwisha kuwa wimbo vinywani mwa wasafiri wa pwani wanaojaaliwa kuzuru mashamba ya Ufaransa. Wakirejea husema: "Wenzetu wanajua kutunza." Husimulia makanisa ya miaka 900 yangali yakisaliwa, ngome zilizokaa juu ya majabali, na vijiji vya zama za kati ambavyo mwenye nyumba habadili hata rangi ya dirisha pasi na idhini. Kisha huutazama Mji Mkongwe wa Unguja wakatikisa kichwa. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo haina budi kujibiwa, maana ukweli nusu hupotosha kuliko uongo mtupu.

Nusu iliyo kweli ni hii. Ufaransa ilitunga sheria ya majengo ya kihistoria mwaka 1913, na mwaka 1943 ikaongeza ulinzi wa eneo la mita 500 kulizunguka kila jengo lililoorodheshwa. Mwaka 1982 meya wa Collonges-la-Rouge, kijiji cha mawe mekundu katika wilaya ya Corrèze, alianzisha jumuiya ya vijiji vizuri kuliko vyote nchini humo, ambayo leo ina wanachama zaidi ya 170. Kazi hiyo inastahiki pongezi. Lakini msifu hajauliza swali la pili: pamoja na kilichotunzwa, ni kipi kilichoachwa kife?

Na aanze mgeni na Conques, kijiji kilichojificha bondeni katika wilaya ya Aveyron. Juu ya mlango mkuu wa kanisa la Sainte-Foy ataona nakshi ya Siku ya Hukumu, yenye viumbe 124 waliochongwa katika jiwe. Ndani ataoneshwa sanamu ya mtakatifu iliyofunikwa dhahabu, na vioo vya madirisha vilivyobuniwa na mchoraji Pierre Soulages na kukamilika mwaka 1994. Ataambiwa kwamba Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alifika hapo mwaka 1837 akaliombea kanisa lisianguke. Asichoambiwa aghalabu ni kwamba binti huyo mtakatifu alitungiwa utenzi katika karne ya 11, mishororo 593, kila fungu na kina chake kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba utenzi huo ni miongoni mwa tungo kongwe zilizosalia za Kioksitani, lugha ya nchi yote ya kusini. Dhahabu ya Foy ina walinzi na vioo. Lugha aliyosifiwa kwayo haina hata kibao ukutani.

Kutoka hapo aende Hautefort, katika wilaya ya Dordogne. Atatembezwa katika kasri ambalo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 17, lenye bustani zilizokatwa kwa mkasi, na ataelezwa moto ulioliunguza mwaka 1968 na jinsi lilivyojengwa upya. Bertran de Born atatajwa kwa kupita tu. Ilhali Bertran, bwana wa ngome ya hapo katika karne ya 12, alikuwa mshairi wa vita mwenye ulimi mkali kiasi ambacho Dante alimtia katika Jehanamu ya utenzi wake, akitembea huku amekishika kichwa chake mkononi kama taa, kwa kosa la kumchochea mwana wa mfalme dhidi ya babake. Upande wa mashariki yapo magofu ya Ventadour, alikotoka Bernart de Ventadorn, ambaye wasifu wake wa kale unasema alizaliwa na watumishi, babake akichochea tanuri la mikate ya ngome. Upande wa magharibi, Ribérac ilimtoa Arnaut Daniel, aliyebuni utungo wa beti sita zenye mishororo sita, ambamo maneno sita yaleyale ya mwisho huzunguka kwa mpango kutoka ubeti hadi ubeti. Malenga hao walijibizana kwa beti, wakashika vina na mizani kwa ukali ambao mshairi yeyote wa Mombasa au Pemba angeutambua. Dante alipomkutanisha msomaji na Arnaut huko Toharani, alimwacha aseme kwa Kioksitani chake. Mgeni wa Kitaliano alimpa heshima ambayo shule za nchi yake zilikuja kumnyima.

Wapo wanaotupa lawama zote juu ya vita vya msalaba vilivyoanza mwaka 1209 kwa mauaji ya Béziers, vikavunja nguvu za mabwana wa kusini waliowalisha malenga. Lawama hizo ni nyepesi mno. Karne tano baada ya Béziers, wakulima wa nchi hiyo walikuwa bado wanalima, wanaoana na kuzikana kwa lugha ileile. Iliyoifisha ni dola iliyokuwa na amani, shule na nia njema.

Mwaka 1794 unatosha kuwa ushahidi. Mwezi Juni wa mwaka huo padre Henri Grégoire, askofu wa Blois na mjumbe wa Bunge la Mapinduzi, alisoma ripoti juu ya haja na njia za kuziangamiza lugha za mashambani ili Kifaransa kienee. Alihesabu lugha hizo kuwa 30 hivi, akasema Wafaransa wasiopungua milioni 6 hawakijui Kifaransa kabisa, na wanaokisema kwa ufasaha hawazidi milioni 3. Mwezi Agosti wa mwaka uleule, Grégoire yuleyule alisimama mbele ya Bunge lilelile kuomboleza sanamu, makaburi na vitabu vilivyokuwa vikiharibiwa. Neno la Kifaransa "vandalisme", linalowafananisha wabomoaji na Wavandali walioipora Roma, ni yeye aliyelieneza, na baadaye alijisifu kuwa amelibuni ili aue kitendo chenyewe.

Grégoire hakuwa mtu mwovu. Alikuwa miongoni mwa wapinzani mashuhuri wa utumwa wa Waafrika. Hapo ndipo hoja inapouma: msomi mpenda haki alililia jiwe lililochongwa asiione thamani ya neno lililotungwa. Nyundo juu ya sanamu aliiita ushenzi. Amri juu ya ulimi aliiita maendeleo.

Karne ya 19 ilitekeleza ripoti zote mbili. François Guizot, akiwa waziri mwaka 1830, aliweka cheo cha mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria. Mwaka 1833, akiwa waziri wa elimu, alipitisha sheria ya shule za msingi. Sheria za Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882 zilizifanya shule hizo kuwa za bure na za lazima. Huko darasani mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alipewa kitu cha aibu akibebe, kipande cha ubao au kiatu cha mti, mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilohilo. Msomaji wa Afrika Mashariki haihitaji tafsiri. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alikieleza kifungo kilichopitishwa mkono kwa mkono katika shule za Kenya ya kikoloni, ili kila mtoto awe jasusi wa lugha ya mamake.

Patakuwa na atakayesema kuwa lugha haiuawi kwa amri. Huachwa na wasemaji wenyewe, kwa kuwa mkulima wa Aveyron alitaka mwanawe apate kazi ya posta au reli. Ni kweli alitaka. Lakini hiari ya mtu aliyefunzwa tangu utotoni kuwa lugha ya wazee wake ni uchafu si hiari kamili. Tena hoja hiyohiyo ingeyamaliza na mawe. Kanisa la abasia ya Cluny, lililokuwa kubwa kuliko yote ya Ukristo wa magharibi hadi lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro huko Roma, liliuzwa baada ya Mapinduzi, likavunjwa kidogo kidogo na mawe yake yakaenda kujengea majengo mengine. Kuta za Carcassonne nazo zilikuwa karibu kubomolewa katikati ya karne ya 19, kabla ya Viollet-le-Duc kuanza kuzirejesha mwaka 1853. Dola ilipoona hasara hizo haikusema watu waachiwe hiari yao. Ilileta wakaguzi, sheria na fedha. Kwa jiwe dola ilijua kuingilia kati kwa ulinzi. Kwa neno iliingia na fimbo.

Wala jambo hili si la jana tu. Frédéric Mistral alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1904 kwa ushairi wake wa Kiprovansi, tawi la Kioksitani, na fedha zake akaziweka katika jumba la makumbusho la Arles. Ilipita karibu nusu karne ndipo sheria ya mwaka 1951 iliporuhusu lugha hiyo ifundishwe shuleni, tena kwa hiari. Mwaka 1999 Ufaransa ilitia saini mkataba wa Ulaya wa lugha za maeneo, na hadi leo haijauridhia. Mwaka 2008 katiba ilizitambua lugha hizo kuwa ni urithi wa nchi. Mwaka 2021 Baraza la Katiba likakataza shule za umma zisifundishe masomo yote kwa lugha hizo. Shule za Calandreta, zilizoanzishwa na wazazi huko Pau mwaka 1979, zinaendelea kufundisha kwa Kioksitani kwa jasho la wenyewe. Na UNESCO, yenye makao yake Paris, inaziorodhesha lahaja za Kioksitani miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Kwa upande mwingine, kasri la Villers-Cotterêts, ambako mfalme François wa Kwanza aliamuru mwaka 1539 kwamba hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa, lilikarabatiwa kwa zaidi ya euro milioni 200 na kufunguliwa mwaka 2023 kuwa nyumba ya lugha ya Kifaransa. Fedha ya lugha ilipatikana, basi. Ilipatikana kwa lugha iliyoshinda.

Haya hayaisafishi pwani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa. Aibu hiyo haifutwi kwa kuinyoshea kidole Conques. Lakini wanaotaka Unguja iige Ufaransa wajue wanachoomba, kwa sababu nusu mbaya ya mfano huo imekwisha kuigwa. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita cha Muyaka na Kiamu cha Mwana Kupona vimebaki nje ya mlango wa darasa. Mtoto wa Makunduchi au Tumbatu akiandika neno la bibi yake, kalamu nyekundu hulikata kana kwamba ni kosa. Nyani haoni kundule. Marehemu Haji Gora Haji, malenga wa Tumbatu, alikusanya kamusi ya Kitumbatu. Ni shule ngapi zinazoitumia?

Usanifu wa lugha una faida yake, kama ukarabati wa kuta ulivyo na faida yake. Hakuna anayedai Kiswahili sanifu kitupwe baharini, wala kanisa la Conques liachwe lianguke. Kinachodaiwa ni kwamba jina la mtunzaji lisipewe mtu kwa kupaka chokaa tu. Atakayefika Hautefort au Ventadour na aulize ni nani kijijini awezaye kuusoma utungo wa Bertran au Bernart kwa lugha yake. Na atakaporejea nyumbani akaanza kusifu, aulizwe naye ni nani kwao awezaye kuusoma utenzi wa Mwana Kupona bila kufasiriwa.