Neno Lisilotumiwa Halikai Kichwani

Ndugu zangu walimu wa Kiswahili, kuna desturi madarasani mwetu ambayo sasa tuiache. Mwalimu huingia Kidato cha Pili, akajaza ubao maneno ishirini na maana zake, wanafunzi wakanakili, kisha wakaagizwa wayakariri. Ijumaa hufanywa jaribio. Jumatatu maneno yamekwishatoka. Tusiwalaumu vijana kwa uvivu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Sehemu kubwa ilimtoka upesi, na marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa yalimfaa kuliko kukariri kwa mkupuo.

Basi tufanyeje? Kwanza, tufundishe neno pamoja na ukoo wake. Andika ubaoni mzizi -fung-, uwaachie wanafunzi kazi. Watakuletea fungua, fungia, fungana, mfungwa, ufunguo, mfungo. Mmoja atashika shati lake aseme kifungo. Muulize, je, na kifungo cha jela? Hapo darasa litabishana, na maneno yaliyobishaniwa hayasahauliki haraka. Kijana aliyezoea zoezi hili hatapotea katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu: akikutana na "walifungiwa" atafungua herufi F, si W.

Pili, neno litoke katika habari. Wasome aya ya gazeti juu ya mauzo ya korosho. Wakifika kwenye "stakabadhi ghalani", wakisie maana kwa maneno yaliyo jirani kabla hujawaeleza. Kisha kila mmoja atunge sentensi yake, aisome kwa sauti.

Tatu, turudie: kesho, wiki ijayo, mwezi ujao. Bandu bandu huisha gogo.

Najua mtasema muhtasari ni mrefu na madarasa yamefurika. Ni kweli. Lakini dakika tano za mwanzo wa kipindi zinatosha, na vifaa ni chaki na ubao tulivyo navyo tayari. Maneno matano yanayokaa ni bora kuliko ishirini yanayopotea.

Asiye na maneno hunyamaza mkutanoni akiwa na hoja, na hutia sahihi mkataba asiouelewa. Hatuna haki ya kumtoa kijana shuleni katika hali hiyo. Tuanze na kipindi cha kesho.