Mganga Si Jibu la Kesi

Watazamaji na watengenezaji wengi wa filamu wanaamini kwamba mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe huko Shinyanga na Geita, Tanzania, hayahitaji upelelezi, kwa kuwa chanzo chake kinajulikana: ushirikina. Mganga akishatokea na tunguri zake, kesi imefungwa. Imani hiyo ni potofu, na imeidumaza filamu ya uhalifu ya Kiswahili kuliko ufinyu wa bajeti.

Filamu bora za uhalifu hazikuishia kumtaja muuaji. Katika filamu ya M ya Fritz Lang, iliyotoka Ujerumani mwaka 1931, muuaji wa watoto anajulikana mapema. Kinachobaki ni mji wenyewe: polisi, majambazi, ombaomba, majirani wanaoshukiana.

Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita una kisa kizito kama hicho. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoitikisa nchi kuanzia mwaka 2007, hayakuwa mila ya kale ya Wasukuma. Utafiti wa Bryceson, Jønsson na Sherrington, uliochapishwa mwaka 2010, uliyahusisha na wachimbaji wadogo na waganga waliowauzia bahati. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, hulisha vibarua na kununua mafuta ya pampu kwa miezi bila kujua kama mawe yenye dhahabu yatatoka. Hapo ndipo anayeuza uhakika hupata mteja. Biashara ya viungo vya miili ilihitaji mnunuzi, dalali na muuaji wa kukodiwa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe.

Itasemwa kwamba waganga wapo na watu wanawaamini. Ni kweli, lakini imani hiyo ndiyo bidhaa. Serikali ilipowafutia waganga leseni Januari 2009, amri ilimlenga muuzaji. Aliyelipa hakuguswa nayo.

White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotuzwa Venice mwaka 2013 kama filamu ya kwanza ya mwongozaji, ilikaribia ukweli huu. Alias, kijana mwenye ualbino aliyeshuhudia baba yake akiuawa, anapelekwa mjini kwa mjomba anayehangaika na biashara ndogondogo. Hofu yake inamwingia mtazamaji mwilini, na fedha haziko mbali na hofu hiyo. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) nayo, ingawa ni ya Zanzibar ya kikoloni, inaonyesha kwamba hadithi ya Kiswahili inaweza kubebwa na njama za binadamu tu, bila majini.

Kosa baya zaidi ni la filamu za video zinazomchora mchawi kama bibi kizee mwenye macho mekundu. Usukumani macho hayo huletwa na moshi wa jikoni, hasa kunakopikwa kwa samadi kwa kukosa kuni, na vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, mara nyingine kukiwa na shamba linalogombewa nyuma ya tuhuma. Filamu ya namna hiyo inamtetea muuaji.

Shinyanga ilimzaa mwigizaji Steven Kanumba; bado haijapata filamu ya uhalifu inayoistahili. Mwandishi wa skripti anayekwenda Geita aanze na daftari la mwenye duara: nani anamdai, mawe yalitoka lini mara ya mwisho, na nani alimpa namba ya simu ya mganga.